Mpokea Kopi wa Gazeti la Waridi

Edna Tattersall aliingia kazi ya gazeti akitokea kwenye biashara ya vifungo. Tangu shuleni alikuwa akisimama na shangazi yake nyuma ya meza katika soko la Ramsclough, ukishawapita wauza matumbo ya ng'ombe, wakiuza vifungo, riboni, sindano na zipu. Shangazi alikuwa na mikono, Edna alikuwa na sauti. Hata siku ambazo mvua ililipiga paa la soko kama ngoma, sauti yake ilitoka kwenye vifungo ikafika kwa wauza samaki upande wa pili bila kuchoka njiani. Na alikuwa na kipawa kingine, kinachomfaa mfanyabiashara kuliko sauti: kabla hajataja bei alimtazama mteja kujua amekosa nini. Mwanamke anayeshikashika koti lake kifuani ametafuta kifungo kimoja nyumba nzima hakukiona. Huyo usimuuzie dazeni. Muuzie hicho kimoja, kwa bei nzuri, na ataondoka akikushukuru.

Kupiga taipu alijifunza kwa kubadilishana. Bi Ormerod, mwalimu wa taipu, alikuwa na mpwa anayeolewa, na gauni halikuwa na vifungo. Edna akampa vifungo vya lulu, naye akapata msimu mzima wa masomo. Lulu zenyewe zilikuwa kopi ya zile za Paris, na Edna alisema hivyo waziwazi, maana uongo kwenye kifungo huishi hadi siku ya kwanza ya kufua.

Basi gazeti la jioni la mji, ambalo watu waliliita Mjumbe, lilipotafuta mpokea kopi, Edna alivaa koti lake zuri akaenda. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mwandishi yuko mahakamani, au kwenye moto, au kwenye mechi. Anapiga simu. Wewe umekaa ofisini na visikizi masikioni, unachapa anachosema, unachomoa karatasi, unaitia kwenye bomba la hewa, inashuka kwa wapiga chapa. Bibi mkuu wa chumba cha simu, Mavis Shuttleworth, alimpa karatasi na kumkalisha.

Mwandishi wa kwanza alipomaliza kusema, Mavis akanyoosha mkono. "Kopi?"

"Sijatoa kopi bado, bibi. Hii ndiyo yenyewe."

"Hiyo yenyewe ndiyo kopi."

"Na hii ya chini, iliyotoka kwenye karatasi ya kaboni?"

"Hiyo ni nyeusi."

"Yaani hapa kilicho halisi kinaitwa kopi, na kopi inaitwa nyeusi?"

"Umeajiriwa uchape, hukuajiriwa ushangae," Mavis alisema, akaichukua.

Edna hakubishana. Sokoni alizoea kwamba kipimo hubadilika ukihama meza, na mwenye akili huuliza kwanza anayeuza ni nani. Haukupita mwezi akajua kwamba neno hilo lina thamani yake kila ghorofa. Chini kabisa, mlangoni pa magari, kopi ni gazeti moja. Walisema kopi ngapi zimeharibika, kopi ngapi zimerudi. Kwa watu wa matangazo, kopi ni yale maneno ya kusifia sabuni, na yaliandikwa na kijana asiyefua. Kwa waandishi wa habari, kopi ni mtu. Diwani aliyeangukia bwawa la bata siku ya kulizindua ni kopi nzuri; diwani mwaminifu anayelipa madeni yake si kopi hata kidogo. Na kwa wapiga chapa, huko kwenye joto la risasi iliyoyeyushwa, ile metali ya kumiminia herufi, kopi ni ruhusa. Bila karatasi mkononi hawapangi hata herufi moja. Jengo likiwaka moto wangengoja kopi ya habari ya moto huo, isomwe, igongwe muhuri, ndipo wapange, kisha wakimbie.

Edna aliipenda kazi ile. Ilikuwa na kiti, na mvua ilibaki nje. Lakini alichokuwa akikitaka hasa ni Jumamosi.

Jumamosi Mjumbe walitoa gazeti la michezo kwenye karatasi ya rangi ya waridi, na mji mzima uliliita hivyo, Waridi. Mpira ulikwisha karibu na saa ya chai. Kabla wanaume hawajatembea kutoka uwanjani hadi kwenye duka la pembeni, Waridi lilipaswa kuwa limefika dukani, na mechi ile ile waliyoitazama imo ndani, mwanzo hadi mwisho, na matokeo juu. Watu walikaa kwenye foleni kununua habari ya kitu walichokiona kwa macho yao. Biashara kama hiyo Edna aliiheshimu sana. Likichelewa kidogo tu, magari ya gazeti la Thorsby, mji jirani na adui, yalikuwa yakivuka daraja na kuuza lao la kijani katika mitaa ya Ramsclough, na mtu akishanunua la kijani hanunui tena la waridi.

Mechi ya Jumamosi ilipokelewa na mwanaume, kwa sababu ilikuwa imepokelewa na mwanaume tangu zamani, na hakuna aliyekuwa na sababu nyingine. Mwanaume huyo alipostaafu na kuhamia kwa binti yake pwani, Edna alimwendea mhariri wa michezo, Bwana Haslam, mtu mwembamba aliyekula tembe za tumbo kama karanga.

"Nijaribu Jumamosi moja," Edna alisema.

"Wewe unajua mpira?"

"Najua kusikia. Bwana Entwistle anajua mpira, na ndiye aliye uwanjani."

"Jumamosi hii ni Thorsby, Bi Tattersall. Mechi ya kombe."

"Afadhali. Nikiweza Thorsby hutaniuliza tena."

Haslam alitafuna tembe. "Jumamosi hii moja. Waridi likitoka kwa wakati, kiti ni chako. Likichelewa kwa ajili yako, utarudi kwenye vifungo vyako, tena si Jumamosi tu, wiki nzima. Sitaki kusikia kelele za Mavis na zangu pamoja."

"Tumeelewana," Edna alisema, akampa mkono, kama sokoni.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Entwistle, aliyekuwa ameripoti Ramsclough tangu kabla ya vita, alikuwa na sauti nzito na mapenzi ya maneno marefu, na Edna aliyachapa yote bila kunung'unika. Thorsby bao moja, Ramsclough bao moja. Filimbi ya mapumziko ilipopigwa alichapa karatasi ya mwisho, akaitia kwenye bomba la hewa, na bomba likakohoa. Likanyamaza. Mtu mmoja wa ghorofa ya habari alikuwa ametumia bomba kumpelekea mwenzake pai ya nyama na viazi, na pai ilikuwa imepasukia kwenye kona.

Edna akaichapa upya karatasi ile, akaishika, akashuka ngazi kwa miguu yake.

Sasa, chumba cha wapiga chapa kilikuwa nchi nyingine. Chama chao cha kazini walikiita kanisa, na kiongozi wake baba wa kanisa, ingawa sala pekee iliyosikika humo ni ya kuomba mtambo usikwame. Safu za mashine zilikaa zikinguruma, kila moja na chungu chake cha risasi, ikimeza herufi na kutema mistari ya chuma yenye joto. Katikati ilikuwepo meza ndefu iliyoitwa jiwe, ambayo ilikuwa ya chuma tupu, na juu yake kurasa za Waridi zilikuwa zikipangwa mstari kwa mstari. Na sheria ya nchi hiyo ilikuwa moja, na kila mtu wa juu aliambiwa siku ya kwanza: mtu wa kalamu hagusi risasi. Tazama kwa macho, onyesha kwa penseli, mikono iwe nyuma. Waandishi walisimama kando ya jiwe kama watu waliokamatwa.

Edna aliijua sheria hiyo na aliona ina akili. Hata sokoni hakuna anayekupangia meza yako. Leo mtu wa juu anasukuma mstari, kesho anapanga ukurasa, keshokutwa mpiga chapa yuko mtaani anatafuta kazi ya kugawa maziwa. Alimkabidhi karatasi baba wa kanisa, Mzee Septimus Clegg, mwenye aproni ndefu na miwani kwenye paji la uso, akageuka aende zake.

Ila jicho liliona mstari mmoja umetokeza nje ya safu, kidogo tu, kama kadi ya vifungo iliyokaa upande. Miaka yote ile sokoni mkono wake ulikuwa umenyoosha kadi zilizokaa upande bila kumwomba ruhusa. Haukumwomba na safari hii. Kidole kilikwenda, kikausukuma mstari ndani, tik.

Mzee Clegg akakitazama kidole. Akashusha miwani, akakitazama tena. Kisha, polepole, akafungua kamba ya aproni yake, akaivua, akailaza juu ya jiwe.

Mashine ya karibu ikanyamaza. Ya pili. Ukimya ule ukatembea kwenye safu, mashine baada ya mashine, hadi yakasikika maji yanayochuruzika kwenye bomba la choo. Watu wakasimama na kufuta mikono.

"Mzee Clegg," Edna alisema, "nimekosa. Mkono umetangulia."

"Nimeona ulivyotangulia, bibie."

"Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Kanisa halijakusamehe. Kanisa lazima likutane, lizungumze, lipige kura."

"Linakutana muda gani?"

"Mara ya mwisho ilikuwa kisa cha mwandishi wa mashairi ya Krismasi," Clegg alisema. "Tulimaliza kesho yake."

Haslam alifika mbio, tembe mdomoni. Akaona aproni juu ya jiwe, akaelewa, akaharibu mambo zaidi. "Ni kidole tu, jamani! Kidole cha mwanamke!"

"Kila jambo linaanzia kwenye kidole," mmoja akasema kutoka nyuma.

"Magari ya Thorsby yatakuwa darajani! Mji mzima uko kwenye foleni!"

"Basi utoke ukawaambie wasubiri," Clegg alisema, "maana humu ndani umesimama mahali pa kanisa likiwa kwenye kikao."

Haslam akarudi nyuma hadi mlangoni. Kabla hajatoka alimnyooshea Edna kidole cha onyo. Vifungo vilikuwa vikimngoja. Uwanjani timu zilikuwa zikinywa chai. Zikirudi, Entwistle angeanza kusema, na maneno yake yasingekuwa na pa kwenda.

Mtu mwingine hapo angelia, au angeahidi fedha. Edna alifanya alilozoea. Aliwatazama wale watu kujua wamekosa nini.

Aliwajua kwa sura, wengi wao, kutoka kwenye foleni ya pai. Kila Jumamosi wakitoka kazini walikuwa wakiwaulizauliza watu mtaani, na swali lao lilikuwa la ajabu kwa watu waliotoka kupanga gazeti la mpira: limefungwaje, lile la pili? Wakati ule alidhani wanatania. Sasa alitazama mashine, na kila mashine ilikuwa na kikaratasi kidogo kimebanwa juu yake, kimekatwa kwa mkasi, mistari mitatu, minne. Kopi ilikatwa vipande ili iende haraka, kila mtu kipande chake.

"Kabla kikao hakijaanza," alisema, "naomba kuuliza jambo. Bao letu la kwanza lilifungwaje?"

Clegg akawageukia wenzake. "Nani alikuwa na bao?"

"Mimi nilikuwa na krosi," alisema mwenye masharubu, jina lake Amos Lumb. "Krosi ikatoka kushoto, juu, nzuri kabisa. Kipande changu kikaishia hapo."

"Mimi nilikuwa na nyavu," mwingine akasema. "'Ikatikisa nyavu.' Ilifikaje huko, sijui."

"Katikati?"

"Katikati alikuwa nayo Herbert."

"Herbert yuko wapi?"

"Chooni."

"Kipande cha Herbert si kipo kwenye mashine yake?"

"Hatusomi kopi ya mtu mwingine," Amos alisema, ameudhika kweli. "Sisi si waandishi."

"Ni kichwa cha Kershaw," sauti ilitoka nyuma ya mlango wa choo.

"Kershaw? Kershaw hajui kupiga kichwa!"

"Kipande kimesema kichwa!"

Wakaanza kubishana, watu wazima wenye wino hadi kwenye viwiko, na Edna akawaacha wabishane. Mteja akishaanza kushika bidhaa usimkatize. Kisha akauliza kwa upole, "Mzee Clegg, wewe mara ya mwisho kuiona Ramsclough ikicheza ni lini?"

"Sijaiona tangu nianze uanafunzi wa kazi hii. Jumamosi ni kazi." Mzee alikuna shingo. "Babu yangu alinipeleka. Walivaa kaptula ndefu."

"Na nyumba yako iko wapi?"

"Mtaa wa Mill. Uwanja uko nyuma ya ukuta wangu wa uani. Nikiwa nyumbani hakuna mechi, kukiwa na mechi nipo hapa."

"Basi sikiliza bei yangu," Edna alisema. Akaelekeza kidevu, mikono nyuma. "Ile simu ya ukutani ni ya nani?"

"Ya msimamizi. Ya kuita mtamboni."

"Mavis anaweza kuniletea laini ya Entwistle kwenye simu hiyo. Nitakaa pale, na taipureta yangu. Atakachoniambia sikioni nitakitamka kwa sauti ninapokichapa, wote mtasikia. Kipindi cha pili chote. Hamtapanga vipande vya mechi, mtapanga vipande vya mechi mliyoisikia. Kikao cha kanisa kifanyike Jumatatu, na mimi nitakuja nihukumiwe na kofia yangu nzuri."

Watu wakasogea karibu. Hata Herbert alitoka, akifunga mkanda.

"Mashine zina kelele," Amos alisema. "Hatutasikia kitu."

"Nimeuza vifungo sokoni jirani na mwuza kasuku," Edna alisema. "Jaribuni."

Clegg hakutaka kuonekana amekubali haraka, na Edna alimpa nafasi yake; mwuzaji anayemnyima mnunuzi heshima yake anapoteza biashara kesho. "Mtu wa juu hakai kando ya jiwe," mzee alisema.

"Sitakaa kando ya jiwe. Niambie mpaka wenu uko wapi, nikae nje yake."

"Na ule mstari ulioguswa?"

"Ni wenu. Ufanyeni mnachotaka."

Mzee akauchukua mstari ule kwa vidole viwili kama panya, akautupa kwenye chungu cha risasi, ukayeyuka. "Amos, panga mwingine." Kisha akatoa chaki mfukoni, akainama kwa kuguna, akachora duara sakafuni chini ya simu. "Hapo. Ni mgeni wa kanisa. Mguu ukitoka nje ya chaki, tunavua aproni."

"Tumeelewana," Edna alisema. Akampa mkono. Clegg aliutazama mkono, akakumbuka ni ule ule, akaushika hata hivyo.

Watu wawili walimshushia taipureta, meza ya kahawa na kiti chake kisicho na mgongo. Mavis aliunganisha laini akilalamika kwamba hii si ofisi tena, ni sarakasi. Mashine zikaanza kunguruma, na sikioni mwa Edna sauti nzito ikasema, "Ndipo majemadari wetu waliporejea kwenye majani mabichi..."

"Wamerudi uwanjani!" Edna alipaza sauti. Mwisho wa chumba mtu akainua mkono: amesikia.

"Bi Tattersall?" Entwistle alisema. "Mbona unapiga kelele?"

"Nina wageni. Endelea, bwana, na usiwape majani mabichi, wape mpira."

Akaendelea. Edna alikuwa akichapa kwa vidole na kutangaza kwa mdomo, na karatasi zilipojaa alizipitisha juu ya chaki, Clegg akazipokea upande wa pili, mkasi ukapita, vipande vikakimbia. Mara ya kwanza katika maisha yao watu wale walijua kipande chao kimetoka wapi. Walipanga wakicheka. Walipanga wakimtukana mwamuzi.

Thorsby wakapata la pili. Edna alilitangaza kwa sauti ile ile, maana bei mbaya nayo hutajwa wazi. Kipande cha bao hilo kilimfikia Amos Lumb, akakitazama, akakirudisha.

"Sipangi hiki."

"Utapanga," Clegg alisema.

"Mpe Herbert. Yeye mkewe ametoka Thorsby."

"Ni shemeji yangu aliyetoka Thorsby!" Herbert alifoka, lakini alikipanga, na alikigonga kwa hasira hivi kwamba kilitoka bila kosa hata moja.

Saa ya ukutani ikasogea. Ramsclough wakasawazisha kwa mpira uliomgonga beki wa Thorsby mgongoni, na Edna, ambaye hakujua mpira, alilitangaza bao hilo kama almasi. Chumba kililipuka. Haslam alifungua mlango, akaona mpokea kopi wake amekaa ndani ya duara la chaki akipiga kelele, akaona pia kwamba jiwe linajaa. Akafunga mlango taratibu.

Clegg akamwinamia. "Ukurasa umebaki na nafasi ya mistari michache na kichwa cha juu. Ikiisha sare, tumeshapanga sare, iko tayari."

"Bado wanacheza."

"Magari ya Thorsby hayangoji wacheze."

"Dakika moja, mzee."

Sikioni Entwistle alikuwa akisema kitu kuhusu Kershaw na upande wa kulia. Kisha hakusema. Edna alisikia mngurumo, mkubwa, kama bahari imeingia kwenye simu, na ndani yake hakuna neno.

"Bwana Entwistle?"

Mngurumo.

Mashine zilisimama zenyewe, hakuna aliyeamua. Watu wote wakamtazama. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na cha kuuza.

"Nani kafunga?" Amos alinong'ona. "Ni kelele za furaha au za huzuni?"

"Ni kelele." Akavuta pumzi hadi tumboni. "Entwistle! Acha kupunga kofia useme!"

Mji mzima wa Ramsclough pengine ulisikia. Entwistle alisikia. Sauti yake ilirudi, nyembamba, ya mtoto, haikuwa na neno refu hata moja. "Kershaw," alisema. "Kershaw amefunga. Imekwisha, Edna. Tumeshinda."

Edna alilitamka neno hilo mara moja tu. Kofia za karatasi zikaruka, mtu akambusu Herbert kwenye upara, na juu ya yote Clegg alikuwa akipiga meza na kupaza sauti, "Kopi! Kopi kwanza, wapumbavu wa Mungu! Bila kopi halijafungwa!"

Edna alichapa mistari mitatu. Karatasi ikapita juu ya chaki, na kwa mara ya kwanza haikukatwa. Clegg alimpa Amos yote, naye Amos akaipanga peke yake. Sare iliyokuwa imepangwa ikatupwa chunguni. Kichwa kikawekwa juu, ukurasa ukakazwa, ukasukumwa kwenye gari lake dogo, na muda mfupi baadaye sakafu ikaanza kutikisika kwa mtambo.

Ndipo wakafanya jambo ambalo Edna hakuwahi kuliona. Kila mtu alichukua kilichokuwa karibu, nyundo ya mbao, bamba la chuma, sufuria ya risasi, kiti, wakaanza kugonga. Waligonga jiwe, waligonga mashine, waligonga mabomba. Kelele ile ilipanda ngazi, ikafika kwa Mavis, akaziba masikio. Kanisa humgongea hivyo mwanafunzi anayemaliza uanafunzi wake, au mzee anayestaafu. Kwa mtu wa juu halijawahi, na Clegg, alipoulizwa baadaye, alijibu kwamba hawakumgongea yeye, waligonga tu, na yeye alikuwa ndani ya chaki.

Waridi lilifika kwenye maduka wakati wanaume walikuwa bado wanatoka uwanjani. Magari ya Thorsby yalifika darajani, madereva wakaona waridi mikononi mwa watu kila upande, wakageuza.

Jumatatu Haslam alimwita. "Kiti ni chako. Nimesema na Mavis. Jumamosi utakaa dirishani, upande wenye joto."

"Ahsante. Lakini sitakaa dirishani."

"Utakaa wapi?"

"Baba wa kanisa amekuja asubuhi. Kikao kimekaa, wamenitia hatiani, wote isipokuwa Herbert. Adhabu yangu ni kila Jumamosi, ndani ya chaki, hadi msimu uishe."

Haslam alitoa tembe, akaitazama, akairudisha kwenye kopo. "Wananiibia mpokea kopi?"

"Wananikopa. Nimewaambia sitakubali bila masharti." Edna alihesabu kwa vidole, na hakuviweka nyuma. "Kiti chenye mgongo, maana kile cha kahawa kinaumiza. Chai ifike kwanza kwao kabla ya kwenda kwa waandishi, maana huwafikia baridi. Hilo wameliomba kwako miaka mingi, Mzee Clegg amesema."

"Hilo ni sharti lao, si lako!"

"Ndiyo. Na wao sharti langu watakuletea leo mchana, la nyongeza ya malipo ya Jumamosi. Tumegawana kazi."

Jumamosi iliyofuata Ramsclough walicheza ugenini na wakafungwa vibaya. Edna alilitangaza kila bao, na wapiga chapa waliguna, wakatukana, wakapanga. Katikati ya kipindi cha pili Amos Lumb alitoa skafu ya timu chini ya aproni, akaivaa shingoni, ingawa karibu na chungu cha risasi palikuwa na joto la kuokea mkate. Hakuna aliyecheka. Kufikia filimbi ya mwisho walikuwa wameshavaa wote.